Kusikilizana bila Kuafikiana: Uhakiki wa Santuri ya Ornette Coleman na Charlie Haden

1.0 Utangulizi

Katika mapokeo ya uhakiki wa Kiswahili, kazi ya sanaa huchunguzwa kwa kutenganishwa pande mbili: fani na maudhui. Utaratibu huo umezoeleka kiasi kwamba mwanafunzi huukariri kabla hajamaliza kusoma riwaya yake ya pili. Hata hivyo, utaratibu huo hukwama mara unapokabiliwa na kazi isiyo na maneno. Muziki wa ala tupu hauna wahusika, hauna mandhari, wala hauna misemo inayoweza kuorodheshwa. Mhakiki akiulizwa maudhui yake ni yapi, ama hunyamaza, ama huazima habari za maisha ya mtunzi na kuzibandika juu ya sauti. Swali linalojitokeza ni hili: je, uhakiki wa Kiswahili unazo zana za kuifafanua kazi ya namna hiyo kwa istilahi zake wenyewe?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuichunguza santuri moja ya jazi ya kimajaribio. Santuri hiyo ni Soapsuds, Soapsuds, iliyorekodiwa mjini New York tarehe 30 Januari 1977 na Wamarekani wawili: Ornette Coleman (1930–2015), mpiga saksafoni, na Charlie Haden (1937–2014), mpiga besi kubwa ya mbao. Humo hamna ngoma, hamna piano, hamna mwimbaji. Katika nyimbo zote tano mna watu wawili tu, mmoja akipuliza na mwingine akikwanyua nyuzi.

Mahali pa kuisikilizia santuri hiyo pamechaguliwa kwa makusudi. Makala yanamchukua msikilizaji wa Kasha, upande wa Bagira, pembezoni mwa jiji la Bukavu, awe ndiye kipimo cha uhakiki. Sababu ni mbili. Kwanza, Kasha ni mahali ambapo Kiswahili huishi pamoja na Kimashi, Kilingala na Kifaransa, na mazungumzo ya siku moja hupita katika lugha zaidi ya moja. Pili, msikilizaji huyo anayo elimu yake ya muziki, iliyojengwa na kwaya za kanisani, rumba ya Kongo na ala za Bashi. Elimu hiyo ndiyo itakayoihoji santuri.

Hoja inayotetewa ni kwamba uhuru wa santuri hii hautokani na kukosa sheria. Unatokana na sheria moja nzito kuliko zote zilizoachwa, yaani kila mmoja alazimike kumsikia mwenzake. Na kwa kuwa hoja hiyo inagusa mgogoro mkubwa wa fasihi ya Kiswahili, mgogoro wa ushairi wa mapokeo na ushairi huru, santuri hii ina jambo la kuwaambia hata wale wasiopenda jazi.

2.0 Jina la jazi na masikio ya Kivu

Neno "jazz" si geni katika masikio ya Kiafrika Mashariki na Kati, ila maana yake huku ni nyingine. Joseph Kabasele alipounda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ilipozaliwa mwaka 1956, neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezea dansi. Maana hiyo hiyo ilisafiri hadi Tanganyika, ambako kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz. Hakuna hata moja kati ya bendi hizo iliyojishughulisha kupiga muziki wa Wamarekani weusi kama ulivyopigwa New Orleans au New York. Kilichochukuliwa ni jina pamoja na fahari ya usasa iliyofungamana nalo.

Saksafoni nayo si ngeni. Isaac Musekiwa, aliyetoka Rhodesia ya Kusini, aliipuliza katika OK Jazz. Manu Dibango wa Kameruni alijiunga na African Jazz mwaka 1961. Verckys Kiamuangana Mateta aliifanya iwe sauti kubwa ya OK Jazz kabla ya kuunda bendi yake mwenyewe. Katika muziki huo kila ala ina wajibu unaofahamika. Besi huwaonyesha wachezaji mahali pa kuweka mguu, magitaa husokota mahadhi, na saksafoni humwitikia mwimbaji au huungana na magitaa wakati wa sebene, pale wimbo unapoacha maneno na kuwa mchezo mtupu.

Kwa hiyo msikilizaji wa Kasha akiwekewa Soapsuds, Soapsuds, maswali yake ya kwanza yanatabirika. Ngoma iko wapi? Nani anaimba? Sebene itaanza lini? Mhakiki mwenye haraka atayahesabu maswali hayo kuwa ni ya mtu asiyeizoea jazi ya Marekani. Kumbe maswali hayo yana nadharia ndani yake. Yanadai kwamba katika muziki wa pamoja kila sauti iwe na kazi inayowafaa wengine, na kwamba ala isiyo na kazi kwa mwenzake ni kelele. Hicho ndicho kigezo kitakachotumika hapa. Iwapo santuri itashindwa mbele ya kigezo hicho, haitaokolewa na sifa za watunzi wake.

Kabla ya hapo yafaa kutaja kwamba mkabala kati ya jazi na Kiswahili umewahi pia kutoka upande wa pili wa bahari. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, kazi inayofunguliwa na Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika, kwa maneno ya Kiswahili kutokana na shairi la Langston Hughes. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na wenzake katika bendi wakachukua majina ya Kiswahili: mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga. Majina hayo yalikuwa tamko la heshima na la kisiasa, na historia ya Kiswahili haina budi kuyahifadhi. Lakini jina ni jambo moja na muundo ni jambo jingine. Santuri ya Coleman na Haden haina hata neno moja la Kiswahili. Hata hivyo, kwa upande wa muundo, imekaribia desturi ya mazungumzo ya Waswahili kuliko kazi nyingi zilizovikwa majina yetu.

3.0 Watunzi wawili na njia zilizowakutanisha

Coleman alizaliwa Fort Worth, Texas, katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, akajifunzia kazi katika bendi za kucheza dansi. Haden alizaliwa Shenandoah, Iowa, katika familia ya Wazungu waliokuwa wakiimba nyimbo za mashambani redioni, naye akawa anaimba pamoja nao tangu utotoni. Ugonjwa wa polio ulimharibia sauti alipokuwa kijana, ndipo akageukia besi. Ukweli huo mdogo una uzito katika uhakiki: mpiga besi huyu alikuwa mwimbaji aliyenyang'anywa koo, na upigaji wake haukuacha kamwe tabia ya uimbaji. Hupiga noti chache, huziacha zivume, na kati ya noti moja na nyingine huacha nafasi ya kuvuta pumzi.

Wawili hao walikutana Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwezi Novemba 1959 walikuwa wote katika kundi la watu wanne lililopiga katika ukumbi wa Five Spot, New York, na kuzusha ubishi uliogawanya wanamuziki wa mji ule. Kosa aliloshutumiwa nalo Coleman linaelezeka kwa urahisi. Katika jazi iliyotangulia, mwenye kubuni papo kwa papo aliongozwa na mfuatano wa sauti uliopangwa kabla, nao ulijirudia kama vina na mizani zinavyojirudia beti kwa beti. Coleman aliuacha mfuatano huo. Mahadhi yake yalikwenda yalikotaka, na waliompinga wakasema hakuzijua sheria.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili watayatambua mashtaka hayo mara moja. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Mulokozi na Kahigi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka uliofuata, walielezwa kwa lugha ile ile iliyotumika New York: ama ni watu wasioweza kutunga, ama ni waigaji wa mambo ya kigeni. Kufanana huko hakukutokana na upande mmoja kuuiga mwingine. Kunaonyesha tu kwamba sheria za sanaa, zikiisha kuwa kitambulisho cha jamaa fulani, huvunjwa kwa gharama ile ile popote pale.

Habari ya pili ya maisha inawahusu Waafrika moja kwa moja. Mwezi Novemba 1971, kundi la Coleman likiwa katika tamasha la jazi la Cascais, Ureno, Haden alitangaza mbele ya hadhira kwamba utunzi wake wa kumkumbuka Che Guevara anauweka wakfu kwa harakati za ukombozi wa watu weusi wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Ureno wakati huo ilikuwa ikipigana vita katika nchi hizo tatu. Kesho yake Haden alikamatwa na polisi wa siri, akahojiwa, na hatimaye akaachiliwa baada ya ubalozi wa nchi yake kuingilia. Santuri inayohakikiwa hapa ilirekodiwa zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya uhuru wa Angola wa Novemba 1975. Habari hii haitajwi ili kuipa santuri maudhui ya kisiasa ambayo haina. Inatajwa kwa sababu neno "uhuru", litakalotumika katika sehemu zinazofuata, kwa Haden halikuwa pambo la lugha.

4.0 Muundo wa majibizano

Santuri inafunguliwa na wimbo usiotarajiwa. Ni mahadhi ya Mary Hartman, Mary Hartman, mchezo wa televisheni uliokuwa ukionyeshwa Marekani miaka ya 1976 na 1977, na ambao wenyewe ulikuwa kejeli ya michezo mirefu ya mapenzi na machozi iliyodhaminiwa na watengenezaji wa sabuni tangu enzi za redio. Hapo ndipo lilipotoka jina la santuri, lenye maana ya povu la sabuni. Mtu angedhani mwanajazi wa kimajaribio atayachukua mahadhi hayo ili ayadhihaki zaidi. Coleman hafanyi hivyo. Anayapuliza polepole, kwa huruma, kama mtu aliyeusikia wimbo wa jirani ukutani akagundua kwamba yule jirani analia kweli. Tena kwa kazi hii ameiacha saksafoni ya alto aliyozoeleka nayo, akachukua ya tenori, ambayo kina chake kinakaribia sauti ya mwanamume anayezungumza.

Haden hampigii "chini" yake kwa maana iliyozoeleka. Katika bendi ya dansi besi ikisimama, wachezaji hujikwaa. Hapa besi husimama, hungoja, kisha huingia na jambo lake. Saksafoni ikipandisha sentensi, besi mara hubaki palepale ikishikilia uzi mmoja unaovuma, mara huchukua kipande cha mwisho cha sentensi ile na kukigeuza, mara hutangulia kwenda mahali ambapo saksafoni haijafika. Kwa kuwa hakuna mfuatano uliopangwa, Haden hana namna ya kujua mwenzake atakwenda wapi ila kwa sikio. Naye Coleman, kwa kuwa hana ngoma ya kumtunzia mwendo, hana ardhi ya kukanyaga ila ile anayowekewa na besi wakati huo huo.

Msikilizaji wa Kasha anazo njia tatu za kuukaribia muundo huu, na kila moja inaangaza upande wake.

Njia ya kwanza ni gitaa la Jean-Bosco Mwenda. Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishughulikia sauti za chini, shahada ikasokota mahadhi juu yake. Masanga, utunzi wake maarufu, unapendeza kwa sababu vidole hivyo viwili havifuatani kitumwa. Kila kimoja kina mwendo wake. Coleman na Haden ni kama gumba na shahada walioachana mikono wakawa watu wawili. Tofauti ni kwamba vidole vya Mwenda vilitawaliwa na kichwa kimoja, ilhali hapa vichwa ni viwili na hakuna aliye mkubwa.

Njia ya pili ni ala za Bashi wenyewe. Alan Merriam, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Bashi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndiye yule yule aliyetoa mwaka 1954 bibliografia ya maandishi juu ya jazi. Mkutano wa mambo hayo mawili ndani ya mtu mmoja unafikirisha. Katika muziki wa Kivu alikuta lulanga, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa, ambayo mpigaji wake huitumia pamoja na sauti yake ya kuimba. Aliyezoea lulanga hahitaji kufundishwa kwamba nyuzi chache na pumzi ya mtu mmoja zinatosha kuwa muziki kamili. Swali la "ngoma iko wapi" linajibiwa na ala za nyumbani kwake.

Njia ya tatu, na ndiyo muhimu zaidi kwa jarida la Kiswahili, ni mazungumzo yenyewe. Katika mazingira ya lugha nyingi kama Kasha si ajabu mama muuzaji kuulizwa bei kwa Kiswahili akajibu kwa Kimashi, na mnunuzi akaendelea kwa Kiswahili chake bila yeyote kuona kwamba mwenzake amemkosea adabu. Kila mmoja anabaki katika lugha yake na biashara inakamilika. Kinachohitajika ni kila mmoja kuisikia lugha ya pili hata kama hataisema. Saksafoni na besi katika santuri hii huzungumza hivyo. Ukizifuatilia, utaona kwamba ni nadra kusema jambo moja kwa wakati mmoja, na ni nadra zaidi kusema mambo yasiyohusiana.

Fasihi ya Kiswahili inazo tanzu mbili zenye umbo la mazungumzo, na ni vyema kuzitofautisha. Ngonjera, kama zilivyoshamiri Tanzania kwa kazi ya Mathias Mnyampala na baada ya Azimio la Arusha la 1967, huwa na pande mbili zinazobishana. Mwisho wake lakini hujulikana tangu mwanzo: asiyejua hufundishwa, hukiri, na ubeti wa mwisho huwa wa wote. Mashairi ya kujibizana, kama yale ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na wapinzani wake wa Lamu, yana tabia nyingine. Anayejibu mara nyingi huichukua bahari ya mwenzake, huyachukua hata maneno yake, ili ampinge kwayo. Kuuchukua utunzi wa mpinzani ni ushahidi kwamba umesikilizwa hadi silabi ya mwisho. Upinzani haufuti usikivu, unaudai.

Soapsuds, Soapsuds iko upande wa majibizano, si upande wa ngonjera. Hakuna ala inayoongoka. Nyimbo huisha zinapoisha, pasipo mmoja kumshinda mwenzake au kumpa mkono. Hapo ndipo istilahi moja ya Kiswahili inapodhihirisha utajiri wake. "Kusikilizana" kwa umbo lake ni kusikiliza huku na huku, lakini kwa matumizi kumekuja kumaanisha pia kupatana: watu wasiosikilizana ni watu wenye ugomvi. Lugha imeunganisha mambo mawili ambayo santuri hii inayatenganisha. Coleman na Haden wanasikilizana kwa maana ya kwanza kwa ukamilifu usio wa kawaida, wala hawakubali kwamba maana ya pili ndiyo lazima iwe matokeo yake.

5.0 Uhuru, sheria na sauti moja

Kutokana na maelezo hayo, maudhui ya santuri hayako nje ya fani yake. Namna sauti mbili zinavyohusiana ndiyo dhamira. Mhakiki akizoea kuitafuta dhamira katika yale yanayosemwa, hapa hana budi kuitafuta katika namna ya kusemeana. Hii si kusema kwamba fani na maudhui hazitengani popote. Ni kusema tu kwamba zipo kazi ambazo kuzitenganisha ni kuzivunja.

Mgogoro wa ushairi unaweza kutazamwa upya kwa nuru hiyo. Kwa miongo kadhaa pande zote mbili ziliuliza swali moja: je, shairi lina sheria au halina? Wanamapokeo walisema sheria ndizo shairi. Wanamabadiliko walisema sheria ni pingu. Santuri hii inaonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa pungufu. Coleman aliacha sheria iliyoandikwa kabla, akajitwika sheria inayozaliwa kila nukta na mtu aliye mbele yake. Shairi huru lililo zuri hufanya vivyo hivyo: mshororo wa pili hauna mizani uliyopangiwa, lakini hauna ruhusa ya kutousikia mshororo wa kwanza. Shairi huru baya ni lile ambalo kila mshororo husema peke yake. Na shairi la mapokeo lililo baya lina ugonjwa huo huo, ila limeufunika kwa vina: mishororo imefungwa kamba moja shingoni na haina habari wala moja ya mwenzake. Kigezo basi si kuwapo au kutokuwapo kwa sheria, bali ni usikivu wa ndani wa kazi.

Jambo hilo lina upande wa kijamii ambao msomaji wa Bukavu hatashindwa kuuona. Mwaka uliorekodiwa santuri hii, Kongo ilikuwa ikiitwa Zaire, jina lililotangazwa Oktoba 1971, wiki chache tu kabla ya Haden kukamatwa nchini Ureno. Ilikuwa nchi ya chama kimoja, na muziki uliopewa heshima rasmi ulikuwa ule wa animasioni ya kisiasa: makundi makubwa ya watu waliovaa sare, wakiimba na kucheza kwa pamoja kumsifu kiongozi. Kwa ufundi, makundi hayo mara nyingine yalikuwa hodari sana. Lakini muundo wake ulikuwa na dhamira yake, maneno yakiwapo au yasipokuwapo: sauti nyingi ziwe sauti moja, na sauti hiyo moja iwe jibu kwa swali lililokwisha kuulizwa na mtu mwingine. Umoja wa namna hiyo hauhitaji mtu amsikie jirani yake. Unahitaji wote wamtazame aliye mbele.

Kuziweka kazi hizo mbili sambamba si kudai kwamba Coleman na Haden walikuwa na Zaire akilini. Ni kuonyesha kwamba muundo wa muziki ni mfano wa namna watu wanavyoweza kukaa pamoja, na kwamba mhakiki anayeusoma muundo hawezi kukwepa kuusoma mfano huo. Katika jiji ambalo limeonja, baada ya enzi hiyo, vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata, tofauti kati ya kunyamazishwa, kuafikiana na kusikilizana si mada ya darasani peke yake.

6.0 Kasoro za santuri

Uhakiki usiotaja kasoro ni tangazo la biashara. Kasoro ya kwanza ni tarumbeta. Coleman alijifundisha ala hiyo mwenyewe katika miaka ya 1960, na katika santuri hii ameitumia pia. Sauti yake ni kali na yenye mshtuko, lakini haina ule uwezo wa kubadili rangi ya neno ambao saksafoni yake ya tenori inao. Mbele ya tarumbeta besi huonekana kubaki na kazi ya kutuliza, na majibizano hupungua kuwa msemaji mmoja na mtu wa kumbembeleza.

Kasoro ya pili ni ya uwiano. Mahadhi mengi hutangazwa kwanza na saksafoni, naye Haden huja baada ya hapo. Msikilizaji anaweza kuuliza kwa haki: je, mazungumzo ambayo karibu siku zote huanzishwa na mmoja ni ya watu sawa kweli? Jibu linalowezekana ni kwamba katika majibizano ya kishairi pia yupo anayeanza, na uwezo wa anayejibu haupimwi kwa zamu yake. Jibu hilo linafaa kwa sehemu tu. Zipo nyakati ambazo sikio linatamani besi ianzishe hoja na saksafoni ndiyo itafute pa kuingilia; nyakati hizo ni chache kuliko inavyostahili sanaa ya Haden.

Kasoro ya tatu ni ugumu. Kazi isiyo na ngoma, isiyo na maneno na isiyo na sebene humtaka msikilizaji aketi na asifanye kingine. Si kila nyumba yenye nafasi hiyo. Ni haki kusema kwamba muziki wa dansi, unaomruhusu mtu asikilize kwa miguu, umewafikia watu wengi zaidi na kuwafaa. Thamani ya santuri hii haithibitishwi kwa kuudharau muziki huo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameichunguza Soapsuds, Soapsuds kwa kigezo kilichotokana na maswali ya msikilizaji wa Kasha: kila sauti iwe na kazi inayomfaa mwenziwe. Imedhihirika kwamba, ukiacha kasoro zilizotajwa, santuri inakitimiza kigezo hicho kwa ukali kuliko bendi nyingi zenye ngoma na waimbaji. Imedhihirika pia kwamba istilahi za kuifafanulia zilikuwapo tayari katika Kiswahili: majibizano kinyume cha ngonjera, na kusikilizana kwa maana yake ya asili kabla haijawa kupatana. Mhakiki wa Kiswahili, kwa hiyo, hana sababu ya kunyamaza mbele ya kazi isiyo na maneno.

Linalobaki ni kazi ya utafiti. Muziki wa Kivu wenyewe, kuanzia lulanga ya Bashi hadi kwaya na bendi za Bagira na Kadutu, haujahakikiwa kwa Kiswahili kwa kiwango unachostahili. Mwanafunzi atakayeianza kazi hiyo asianze kwa kuuliza wimbo unasema nini. Aanze kwa kusikiliza ni nani anamjibu nani, na kama aliyejibiwa alisikia.